Kupwa na kukauka: msamiati wa mto wa pwani

Maana. Mto wa kujaa na kupwa ni mto ambao maji ya sehemu yake ya chini huinuka na kushuka kwa kufuata bahari. Katika pwani ya Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, tofauti ya kimo huweza kuzidi meta 3. Wakati wa maji mafu hupungua.

Matumizi. Kitenzi *-pwa* ni cha silabi moja: *maji yamekupwa, maji hupwa, maji hayajapwa*. Ndicho kilichozaa neno *pwani*. Kisichanganywe na *-kauka*. Mwanafunzi wa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, huona vijito vya msimu vikikauka kiangazi na kungoja mvua. Ziwa Viktoria, lililo kaskazini yake, halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Kwake, *mto umekupwa* huelekea kumaanisha ukame. Kwa mkazi wa delta ya Rufiji, ni maji yatakayorudi baada ya saa chache.

Mfano wa Rufiji. Mto Rufiji huingia baharini mkabala na Kisiwa cha Mafia, kwa matawi mengi yaliyozungukwa na mikoko. Bahari ijaapo, husukuma maji ya mto nyuma. Wakulima wa kaskazini mwa delta hutegemea jambo hilo: *maji baridi*, yaani yasiyo na chumvi hata yakiwa na uvuguvugu, hupanda hadi kwenye mashamba ya mpunga. Mto ukipungukiwa na maji, chumvi ndiyo hupanda, na mpunga hufa.

Delta hiyo imo pia katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa ufupi wa maji. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, baada ya kuletwa Severn na Mersey, manowari zinazoweza kupita katika maji mafupi.

Kwa mfasiri. *Mashua imekwama, maji yamekupwa*: nahodha angoje. *Mashua imekwama, mto umekauka*: abiria washuke, watembee.