Sanduku la usukani, na mafuta yanayolikimbia

Ingia gereji yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi utaje stelingi boksi: fundi anajua unachotaka kabla hujamaliza sentensi. Taja giaboksi ya usukani, na huenda akakuuliza ni gia ipi haiingii. Barabarani giaboksi ni moja tu, ile ya gia za mwendo. Kwa sababu hiyo naitetea istilahi sanduku la usukani. Inafuata muundo uleule wa jina la gereji, wala haigombanii jina na kifaa kingine.

Usukani wenyewe ni neno la baharini. Kabla ya magari ulikuwa ubao wa nyuma ya chombo unaokata maji na kugeuza omo, na asili yake ni Kiarabu. Gari lilipokuja, neno likahamia kwenye duara analoshika dereva, kisha likabeba mfumo mzima hadi kwenye magurudumu.

Ugumu uko kwenye pawa stelingi. Wapo wanaoandika usukani wa nguvu, nami siukubali, kwa kuwa msomaji ataelewa kwamba ni usukani unaodai nguvu, kumbe ni kinyume chake. Usukani saidizi nao unasikika kama usukani wa pili wa akiba. Nachagua usukani wa kusaidiwa: dereva ndiye anayegeuza, mafuta yenye shinikizo yanamwongezea mkono. Wazo hilo lilitokana na uzito wa malori. Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis alikuwa amefanya kazi upande wa malori ya Pierce-Arrow, akajionea madereva wanavyohangaika, na kufikia 1926 mfumo wake wa mafuta ulikuwa umefungwa kwenye gari. Wanunuzi wa kawaida waliupata mwaka 1951, kwenye Chrysler Imperial.

Tuchukue pikapu za Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, ambazo Wamarekani wengi wanazifufua hadi leo. Zilizoagizwa zikiwa na usukani wa kusaidiwa zilifungwa sanduku la chapa ya Saginaw. Ndani yake mna parafujo inayozungushwa na usukani, na juu ya parafujo nati kubwa inayopanda na kushuka kwa gololi zinazozunguka kwenye mifereji yake. Nati hiyo ndiyo pistoni pia. Dereva akigeuza, ufito mwembamba wa chuma unasokoteka kidogo, vali inafunguka, na mafuta ya pampu yanaisukuma pistoni upande anaoutaka. Meno ya nati yanazungusha shafti inayotokeza chini ya sanduku, na shafti inavuta mkono unaopeleka mwendo kwenye magurudumu. Mafuta yakiisha gari bado linageuka, kwa kuwa chuma kimeshikana na chuma, ila mikono itauma.

Kuvuja kwa Kiswahili ni kwa chombo na kwa kilichomo: mtungi unavuja, maji yanavuja. Kwa hiyo mteja akisema sanduku linavuja, hajasema bado ni wapi. Mafuta hutoka juu, kwenye mpira wa pampu au sili ya shafti inayoingia, yakatiririka hadi chini na kuisingizia sili ya chini. Osha sanduku lote, likauke, washa injini, mwenzako ageuze usukani kushoto na kulia, nawe utazame kwa tochi mahali panapolowa kwanza.

Ikiwa kweli ni sili ya chini, si lazima sanduku lishuke. Nati kubwa ya mkono inafunguliwa, mkono unavutwa kwa pula. Nyundo hapa ni marufuku, maana pigo linafika hadi kwenye gololi. Sili mpya ivishwe juu ya meno ya shafti yaliyofungwa utepe, yasiikwaruze mdomo. Kabla ya kuivisha, ishike shafti uitikise. Ikicheza, beringi iliyo juu ya sili imekwisha, na sili mpya itavuja tena. Kisha pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa kwenye vishimo vya kutu, sili peke yake haitoshi: badilisha shafti, au tafuta sanduku lililofanyiwa ukarabati kamili. Anayenunua aangalie pia ncha za paipu, kwani masanduku ya baadaye ya Saginaw yanatumia ncha za oringi na ya zamani hayatumii.

Skrubu ya juu ya kifuniko wengi huikaza wakidhani wanaondoa kucheza kwa usukani. Ikikazwa kupita kiasi, usukani unanata katikati na haurudi wenyewe baada ya kona. Hilo ni baya kuliko tone la mafuta sakafuni.

Kazi ikiisha, magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe polepole hadi mwisho wa pande zote mbili hadi mapovu yatoweke kwenye tangi la pampu.

Kwa wanaoandaa kamusi za ufundi, ombi langu ni hili: wekeni sanduku la usukani kama kidahizo, na stelingi boksi kando yake ikielekeza hapo, ili mwanafunzi wa chuo na fundi wa mtaani wafungue ukurasa mmoja.