Sauti Inayongoja Jibu

Mtangazaji anauliza swali, halafu redio inanyamaza. Hakuna muziki wa kuziba pengo, hakuna tangazo la sabuni. Zinapita sekunde chache, kisha sauti inarudi, inataja jibu na kumpongeza aliyepata. Msikilizaji mgeni angedhani mitambo imekatika. Kumbe kimya kile kimeandikwa kwenye mswada na kupimwa kwa saa, ili mtoto aliyekaa mkekani apate nafasi ya kupaza sauti na kusema "tatu!"

Ndivyo vilivyotengenezwa vipindi vya Tucheze Tujifunze huko Zanzibar, chini ya mradi wa elimu kwa redio ulioanza mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu na shirika la Marekani la Education Development Center. Vililengwa kwa watoto wa elimu ya awali na madarasa ya mwanzo. Mahali ambapo skuli ya awali ilikuwa mbali, wanakijiji walitafuta kivuli au chumba, wakateua mtu miongoni mwao, akakabidhiwa redio na kuelekezwa namna ya kukaa na watoto. Hakuhitaji cheti cha ualimu. Kazi yake kubwa ilikuwa kusikia wanachojibu.

Tunapozungumzia watoto wadogo kusomea nyumbani shule zikiwa zimefungwa, mara nyingi tunataja vyombo: nani alikuwa na redio, nani televisheni, nani simu yenye intaneti. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Chombo kinaweza kuuliza na kinaweza kungoja. Kusikia hakiwezi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Chicago, Septemba 1937. Ugonjwa wa polio ulikuwa umezuka jijini na shule hazikuweza kufunguliwa kwa muhula mpya. Mkuu wa shule za jiji, William Johnson, akaamua masomo yapelekwe hewani. Vituo sita vya redio vilitoa nafasi, magazeti yakachapa ratiba na maswali ya kila siku, na wazazi wakawekewa simu ya kupiga wakikwama. Somo moja lilichukua robo saa. Zaidi ya watoto 300,000 wa darasa la tatu hadi la nane walikusudiwa kufundishwa hivyo kwa muda wa wiki tatu hivi, mpaka milango ya shule ilipofunguliwa.

Malalamiko ya wakati ule yangeeleweka na mzazi yeyote wa Mwanza au Kisumu miaka 83 baadaye, korona ilipofunga shule. Baadhi ya nyumba hazikuwa na redio. Wengine mawimbi yaliwasumbua. Na mwalimu wa redio alikwenda mbio: mtoto akiachwa nyuma hakuwa na namna ya kunyoosha mkono. Linalosahaulika katika sifa za mpango ule ni kwamba ulianzia darasa la tatu. Wadogo kuliko hao hawakupangiwa kitu. Mtoto wa miaka mitano au sita, anayejifunza kwa kushika, kuuliza na kujibiwa papo hapo, aliachiwa nyumba yake.

Ilichukua karibu miaka 40 kabla ya watu wa redio kulitafutia ufumbuzi tatizo la mwalimu asiyengoja. Mwaka 1974 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kufundisha hisabati kwa redio katika shule za msingi za Nikaragua. Waliandika masomo ambamo mtoto hujibu mara nyingi mno ndani ya nusu saa: kwa mdomo, kwa kuandika, kwa kusimama, kwa kupiga makofi. Kila swali liliachiwa kimya chake. Baada ya kimya, jibu sahihi lilitajwa, mtoto akajua palepale kama amepata.

Afrika Mashariki iliupokea mtindo huo mapema. Kuanzia mwaka 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya na washirika kutoka Marekani walitunga masomo ya Kiingereza kwa redio kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu katika shule za vijijini. Watoto wengi wa madarasa hayo walikuwa hawajawahi kuisikia lugha hiyo ikizungumzwa nyumbani. Somo lilidumu nusu saa kila siku ya shule. Walipopimwa, waliofundishwa kwa redio waliwapita wenzao, hasa katika kusikiliza na kuelewa.

Wataalamu waliuona mtindo huo kuwa uvumbuzi, na katika redio ulikuwa uvumbuzi kweli. Lakini mtoto wa pwani aliyelelewa na bibi yake aliujua kabla ya redio kufika.

Bibi akisema "Paukwa!" hasongi mbele. Anangoja. Watoto wasipoitikia "Pakawa!" kwa nguvu, hadithi haianzi, na anayesinzia huamshwa na wenzake. Mmisionari Edward Steere alizikusanya hadithi za Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870. Maneno ya msimuliaji yakahifadhika, ila kitabu hakikuwa na namna ya kuchukua sauti za waliokuwa wakimwitikia. Anayezisoma leo anapata nusu ya somo.

Kitendawili kinakwenda mbali zaidi. Mtegaji anataka aambiwe "Tega!", anatega, kisha ananyamaza. Watoto wanabahatisha, wanabishana, wanacheka jibu la mdogo wao. Wakishindwa kabisa, hawapewi jibu bure: wanadaiwa mji. Inabidi wautaje, na mtegaji aingie katika mji huo kwa majigambo, ale na kunywa, kabla ya kufungua fumbo. Tazama kilichomo ndani ya mchezo huo mmoja: msamiati, kufananisha vitu, kukubali kushindwa bila aibu, na jiografia kidogo kwa watoto wanaogombea mji wa kutoa.

Kutwa nzima kuna mdako. Shimo dogo linachimbwa, kokoto zinajazwa. Mchezaji anarusha moja juu, na kabla hajaidaka anazoa nyingine kutoka shimoni, kisha anazirudisha na kubakiza moja, baadaye mbili, baadaye tatu. Mtoto asiyejua kuhesabu hukosea mbele ya wenzake, na wenzake ndio wanaomfundisha. Ni nadra mdako kuitwa hisabati ya awali, ingawa ndivyo ulivyo.

Walioanzisha madrasa za awali za Mombasa miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walilielewa jambo hili vizuri. Programu yao, iliyofika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ilikwenda na Kurani, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vilivyopo: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu, vizibo vya chupa. Walimu wengi walikuwa wanawake wa mtaa uleule. Walichokipeleka darasani kilikuwa kimetoka uani.

Tanzania Bara ilikuwa na somo lake. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kuzunguka redio. Mada ilikuwa maji, vyoo na mbu, si alfabeti za watoto. Hata hivyo waandaaji hawakuiachia redio ifanye kazi peke yake: kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, mwenye kijitabu, wa kuzima redio kipindi kikiisha na kuuliza, "Sasa sisi hapa tufanye nini?" Na kisomo cha miaka hiyo kilizaa nyumba ambamo mama aliweza kumsomea mtoto barua au ukurasa wa kitabu. Faida hiyo haionekani kwa urahisi katika takwimu, lakini vizazi viwili baadaye bado inafanya kazi.

Kisha ukaja Machi 2020, na janga la korona. Tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule za Kenya. Tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza hivyo Tanzania, kuanzia chekechea hadi kidato cha sita. Tarehe 20 Uganda ikafunga. Kenya ilikuwa na vipindi hewani muda mfupi baadaye, kupitia redio za KBC, shirika la utangazaji la nchi hiyo, na televisheni ya elimu. Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 2013 na linalotengeneza katuni za elimu, lilivitolea vituo vya utangazaji vipindi vyake bila malipo, pamoja na vya Akili, msichana wa miaka minne ambaye watoto wengi walikwisha kumfahamu. Nchini Uganda masomo ya kujisomea yalichapishwa hata magazetini. Chicago ya 1937 ilikuwa imerudi, na safari hii chekechea nao walikumbukwa, walau kwa kiasi.

Nani alifikiwa? Sensa ya Kenya ya 2019, iliyofanyika miezi michache tu kabla, ilikuta redio katika asilimia 56.9 ya kaya, televisheni katika asilimia 40.7, na intaneti katika asilimia 17.9. Kwa maneno mengine, kaya zaidi ya 4 katika kila 10 hazikuwa na redio. Shule binafsi za mijini zilituma kazi kwa WhatsApp, na mzazi mwenye simu moja na watoto watatu alilazimika kuamua nani atangulie. Mara nyingi alitangulia mwenye mtihani. Wa chekechea alisubiri.

Alisubiri muda mrefu, na si sawa kila mahali. Mtoto wa awali wa Tanzania alirudi tarehe 29 Juni 2020, baada ya miezi mitatu na siku kadhaa. Mwenzake wa Kenya alikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Yule wa Uganda alikaa hadi tarehe 10 Januari 2022. Aliyekuwa na miaka minne alipofungiwa alikaribia kutimiza sita bila kuingia darasani hata siku moja, katika nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko nyingine zote duniani.

Katika miezi hiyo wazazi wengi walisema neno moja: "Mimi si mwalimu." Lilikuwa neno la kweli na la uchungu, hasa kwa aliyekuwa amepoteza kibarua wiki ileile. Lakini lilitokana na kudhani kwamba kumfundisha mtoto wa miaka mitano ni kuigiza darasa: daftari, kalamu, ukimya, mstari baada ya mstari wa herufi "a". Mtoto akichoka, anafokewa. Kwa umri ule, kuchambua maharage na kutenga mazuri na mabovu ni kuainisha. Kupanga vikombe kwa idadi ya watu ni kuhesabu. Kutumwa dukani na kurudi na chenji ni somo lenye mtihani ndani yake. Kinachoyafanya haya kuwa masomo ni mtu mzima, au dada wa darasa la sita, anayeuliza "umejuaje?" na kukaa kimya mpaka mtoto aeleze.

Hapo ndipo mipango ya 2020 ilipopungua. Nguvu nyingi zilikwenda kwenye maudhui, na kidogo mno zikaenda kwa yule aliyeketi kando ya mtoto. Mtu ni Afya ilikuwa na kiongozi mwenye kijitabu. Tucheze Tujifunze ilikuwa na mtu wa kijijini aliyefunzwa. Mama wa Kawempe, Kampala, au wa Kariobangi, Nairobi, alipewa ratiba ya vipindi, akaambiwa amsimamie mtoto.

Wizara za elimu za Nairobi, Dodoma, Zanzibar na Kampala zina mbele yao uzoefu wa Afrika Mashariki wa miaka zaidi ya 40 wa kufundisha watoto wadogo kwa redio. Ziutoe kabatini sasa, shule zikiwa wazi: ziandae vipindi vya awali vyenye vimya vyake, na kwa kila kipindi maelezo mafupi ya mlezi, kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, yanayoweza kusomwa na dada mkubwa au kusikilizwa na bibi asiyejua kusoma.

Na msomaji mwenye mtoto wa chekechea asingoje tangazo la dharura. Likizo haiko mbali. Jioni, sufuria ikiwa jikoni, amtegee mtoto kitendawili, ampe muda wa kufikiri, na akishindwa kabisa, amdai mji.