Siti binti Saad: Sauti Iliyovuka Bahari

Ndugu wasomaji, leo twapenda kuwaeleza habari za mwimbaji wa Unguja aliyeinuka kutoka katika unyonge hata jina lake likavuka bahari. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa binti Saad. Jina hilo lilikuwa na maana yake. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya utumwa, na sheria ya Unguja haikuifuta hali hiyo mpaka mwaka 1897, binti mwenyewe akiwa amekwisha kupevuka.

Kwao walifinyanga vyungu. Mtumwa alivichukua akaenda akivinadi, na katika kunadi huko watu waliijua sauti yake kabla ya kumjua mwenyewe. Shule hakupata. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Bwana Ali Muhsin akamfundisha uimbaji. Baadaye watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina la kwanza likasahaulika.

Yatupasa kukumbuka taarabu ilivyokuwa hapo kwanza. Tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, ulikuwa muziki wa jumba la mfalme, ukiimbwa kwa Kiarabu. Wengi waliopita nje ya jumba walisikia sauti, maneno wasiyaelewe. Siti aliimba kwa Kiswahili. Alikutana nyumbani kwake na wenzake, kina Subeti Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, wakatunga na kujaribu nyimbo zao. Waliimba mapenzi, lakini waliimba pia mambo ya mji: dhuluma, fitina, na hukumu zilizowaumiza wanyonge. Wimbo wao wa Kijiti ulisimulia habari za mwanamke mgeni aliyeuawa, na mwuaji aliyetoroka. Hivyo habari ya maskini ilipata mahali pa kusemwa.

Wako waliomcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, na jibu lake likadumu kuliko kejeli zao.

Mwaka 1928 walisafiri kwenda Bombay, India, kutia sauti zao katika sahani za santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyetangulia kufanya hivyo. Sahani zile zilipigwa katika mikahawa ya Unguja na ya Mrima, na watu wasiojua kusoma wala kuandika wakakaa kuzisikiliza kwa lugha yao wenyewe. Kampuni nyingine, zilipoona sahani zanunuliwa, nazo zikaja kuwatafuta waimbaji wa pwani.

Safari hizo zilikwisha, lakini Siti aliendelea kuimba hata uzeeni. Mwishoni mwa maisha yake alikutana na Shaaban Robert, naye akaandika wasifu wake. Siti alifariki Julai 1950. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizichukua nyimbo zake akaziimba kwa miaka mingi, hata wajukuu wa wasikilizaji wa kwanza wakazijua.

Kwa hiyo, wasomaji, tusimpime mtu kwa jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Siti hakuacha mashamba wala majumba makubwa. Aliacha Kiswahili kikiwa kimekaribishwa barazani, palipokuwa mahali pa lugha ya wakubwa tu.