Takwimu za wazi zinavyotumiwa kubashiri uhalifu mijini

JIJI la Chicago, Marekani, huchapisha katika mtandao visa vyote vya uhalifu vilivyoripotiwa kwa polisi wake tangu mwaka wa 2001. Mtu yeyote anaweza kuvisoma bila malipo. Kila kisa huonyeshwa aina yake, tarehe, saa na mtaa, lakini nambari kamili ya nyumba hufichwa ili aliyedhulumiwa asitambuliwe.

Mwaka wa 2005 mwanahabari Adrian Holovaty alitia takwimu za polisi wa jiji hilo katika ramani za Google, wakazi wakaanza kujionea yaliyotendeka karibu na nyumba zao.

Kubashiri kunawezekana kwa kuwa uhalifu hauenei sawasawa mjini. Nyumba ikivunjwa, majirani nao huwa katika hatari zaidi siku chache zinazofuata. Kwa hivyo kompyuta huligawa jiji katika miraba midogo na kupima kisa kimoja kinavyofuatwa na kingine. Mnamo 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Ishanu Chattopadhyay, walitangaza kuwa mbinu yao ilibashiri visa wiki moja mapema kwa usahihi wa takriban asilimia 90, katika miraba yenye upana wa mita 300 hivi.

Utata umo katika takwimu zenyewe. Mauaji na wizi wa magari huandikwa kwa uaminifu kiasi, kwani maiti haifichiki kwa urahisi, na mwenye gari huhitaji ripoti ya polisi ili alipwe bima. Makosa ya dawa za kulevya ni tofauti: huonekana pale askari walipo. Mtaa unaopigwa doria sana huzaa ripoti nyingi, nazo kompyuta huwarejesha askari palepale.

Mwaka wa 2016 Kristian Lum na William Isaac walilipima jambo hili kwa takwimu za Oakland, California. Waligundua kuwa programu ya kubashiri ingewalenga watu weusi takriban mara mbili kuliko wazungu, ilhali matumizi ya dawa hizo yalikadiriwa kuwa karibu sawa.

Mji wa Santa Cruz, uliokuwa miongoni mwa ya kwanza kujaribu mbinu hiyo mnamo 2011, uliipiga marufuku Juni 2020.