CHAWA WA MBWA NA "PUNJE ZA MCHELE" KWENYE NEPI (Sehemu ya 2)

Juzi tuliongelea chawa wa kichwani, na swali lililorudi sana likawa hili: "Nesi, si mbwa ndiye kawaletea watoto?" Hapana. Chawa wa mbwa haishi kwa binadamu. Kucha zake zimeumbwa kushika manyoya ya mbwa, na mdomo wake unatafuna magamba ya ngozi. Chawa wetu sisi ananyonya damu. Kwa hiyo baba aliyemfukuza mbwa kwa ajili ya chawa wa mwanae, amemwonea tu.

Ila mbwa ana jambo lake jingine, na chawa huyo yumo.

Tegu wa mbwa anajulikana siku nyingi. Linnaeus alimpa jina mwaka 1758, na jina lake jingine la zamani lilitokana na pingili zake kufanana na mbegu za tango. Kilichowashinda wataalamu ni kujua anapita wapi kutoka mbwa huyu hadi yule. Mwaka 1869 Mrusi mmoja, Melnikow, aliyekuwa akifanya kazi na Leuckart huko Ujerumani, alichunguza chawa wa mbwa, kidudu kidogo kuliko punje ya ufuta, akamkuta ndani yake tegu mchanga!

Kumbe ni kule kutafuna. Pingili inatoka kwa mbwa nyuma, inaacha mayai kwenye manyoya, chawa akitafuna anayameza. Mbwa akiwashwa anajing'ata, anammeza chawa, tegu anakulia tumboni. Miaka kama 20 baadaye Waitaliano Grassi na Rovelli wakaonyesha kuwa kiroboto naye anambeba. (Grassi ni yuleyule wa malaria na mbu Anofelesi, mwaka 1898.) Na kusema kweli kiroboto ndiye mbebaji mkubwa, chawa alitangulia tu kujulikana.

Sasa mtoto. Anacheza na mbwa uani, analambwa mdomoni, au anashika manyoya kisha vidole vinaenda mdomoni. Akimeza kiroboto au chawa mwenye tegu, naye anampata. Mara nyingi haumwi sana. Anawashwa nyuma, na mama anaona vitu kama punje za mchele kwenye nepi, vingine vinajongea.

Hapa ndipo tunapopoteana. Mama mmoja alikuja akiwa ameshanunua dawa ya minyoo dukani mara tatu, zile zile za kawaida, na punje zikaendelea. Hakuwa mzembe. Dawa hizo zinalenga minyoo mingine. Tegu huyu anatibiwa kwa prazikwanteli, ndiyo hiyohiyo dawa ya kichocho ambayo wanafunzi huku kwetu ziwani wanapewa shuleni wakipimwa kwa fimbo ya urefu. Ilitoka Ujerumani miaka ya 1970, kwa Bayer na Merck. Lakini usichukue kidonge cha kaka yake ukamkatia mdogo: dozi ni kwa uzito, mlete apimwe. Na hizo punje zilete kwenye kichupa safi, usione aibu, zinatusaidia kuliko maelezo marefu.

Siku hiyohiyo mwone bwana mifugo, mbwa apewe dawa ya tegu na ya wadudu wa ngozini. Mbwa akibaki nao, mtoto atapata tena.

Kesho kutwa: viroboto na mkeka wa kulalia.