Filimbi ya sauti moja

Jamani, tuanze na swali lililotuchoma juma lililopita. Mzazi mmoja hapa Hamukungu alituuliza: "Hiyo filimbi itamsaidia nini mwanangu kwenye PLE?" Tulikosa jibu. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Uganda una masomo manne tu: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Muziki upo kwenye ratiba ila hautahiniwi, kwa hiyo kipindi chake ndicho cha kwanza kuliwa na hesabu. Basi tukarudi kwenye historia.

Huku Rwenzori Bakonzo wana enyamulera, filimbi yenye matundu ya vidole, anayopiga mtu mmoja. Halafu kuna eluma. Hivi ni vipande vya mwanzi vilivyozibwa upande wa chini, havina tundu la kidole hata moja, na kila kimoja kinatoa sauti moja tu. Yaani ukiwa na kipande chako peke yako huna wimbo. Lazima usikilize wenzako, uhesabu, upulize zamu yako inapofika. Ukichelewa, wimbo unatoboka na kila mtu anajua ni wewe. Jirani zao Watoro wanapiga amakondere, zile baragumu za mfalme, kwa mtindo huohuo: mtu mmoja, sauti moja.

Sisi tuliovuka Mpondwe tukitoka upande wa Beni na Butembo hatukuona mambo mageni. Wanande wa kwetu na Bakonzo wa huku ni watu wa asili moja, lugha zao zinasikilizana; ni Waingereza na Wabelgiji waliopitisha mpaka katikati yao kwa makubaliano ya mwaka 1910. Wazee wa pande zote mbili waliendelea kupuliza kama kawaida.

Shuleni ndiko filimbi ilikopotea. Wamisheni walileta kinanda na do-re-mi, na vyombo vya wenyeji vikaachwa nje ya mlango, vikiitwa vya kipagani. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akirekodi muziki wa aina hii. Kanda zake zikaenda London, na nakala zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere. Tunashukuru, lakini mtoto wa Hamukungu ataenda Makerere na nauli ya nani?

Kenya wamejaribu njia nyingine: mtaala mpya wa CBC umeingiza filimbi ya plastiki, ile ya Kizungu, kuanzia darasa la nne. Wazazi wakalalamika juu ya kuinunua. Sisi tungelalamika pia.

Ndiyo maana tulichukua msumeno. Mwanzi unaota juu mlimani, ndani ya hifadhi ya Rwenzori iliyotangazwa 1991, na huwezi kupanda tu ukakate. Huku chini kando ya Ziwa George tuna mabaki ya paipu za maji. Unakata, unaziba chini kwa kipande cha ndala, unapuliza ukingoni. Paipu ya sentimita 20 inatoa sauti ya chini. Ya sentimita 10 inatoa sauti ileile, oktavu moja juu. Hesabu hiyo hapo, mzazi wetu, na sayansi pia.

Lakini kilichotushinda kusema siku ile ni hiki. Kuna watoto watatu waliofika mwaka huu, hawajui Kiingereza wala Lukonzo, na darasani wanakaa nyuma kimya. Tulipowapa paipu moja moja, mara ya kwanza walikosea, mara ya pili mmoja akacheka kwa sauti, na wale wa mbele wakageuka kumngojea aingie.

Jumamosi tunakata tena. Mwenye kipande cha paipu ya nusu inchi aje nacho, bado tunakosa sauti ya nne.