Mibuni ya Ruiru na Thika: ilivyoachwa na ilivyorudiwa

Kilimo cha kahawa katika ukanda wa Ruiru na Thika kilianza mikononi mwa walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yakapata njia ya kusafirisha mazao. Waafrika walizuiwa kupanda kahawa kwa miongo kadhaa. Kwa wakulima wadogo wa Kiambu na Murang'a, mlango ulifunguka kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika. Tangu hapo kahawa ndiyo iliyolipa karo na kuezeka nyumba mabati.

Mbuni hudai kazi mwaka mzima: kupogoa, kuondoa machipukizi, kutia mbolea, na zaidi ya yote kupiga dawa. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha buni zikingali kijani, uliripotiwa Kenya mwaka 1922 na ukavuma vibaya katika mvua kubwa za 1967 na 1968. Aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika Maabara ya Scott miaka ya 1930, zina ladha iliyoipa kahawa ya Kenya jina, ila hazina kinga ya kutosha. Kuzilinda kulitaka dawa ya shaba mara sita au zaidi kwa msimu.

Bei nzuri ilifanya jasho hilo livumilike. Kisha, Julai 1989, mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Sheria ilikataza kung'oa mibuni bila kibali, kwa hiyo wengi waliiacha tu isimame. Mahindi na maharagwe yalipandwa katikati ya mistari, ng'ombe wa maziwa wakachukua nafasi ya kahawa, na mibuni ikageuka kichaka. Baada ya sheria ya ushirika ya 1997 kulegeza usimamizi wa serikali, vyama vingi vya ushirika vya wakulima vilimegeka na kulemewa na madeni. Uzalishaji wa taifa, uliokuwa takriban tani 130,000 msimu wa 1987/88, hatimaye ulishuka chini ya tani 50,000. Kuwaita wakulima hao wavivu ni kuwaonea: aliyengoja malipo kwa miezi, kisha akapewa fedha zisizorudisha hata bei ya dawa, alikuwa na kila sababu ya kukata tamaa.

Sehemu ya jibu ilikuwa tayari Ruiru kwenyewe. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Jacaranda, watafiti walianza mwaka 1971 kuzalisha mbuni unaostahimili chulebuni na kutu ya majani, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11. Ni mfupi, hukubali kupandwa kwa kubanana na huzaa mapema. Ugumu ulikuwa mbegu. Kwa kuwa ni chotara, mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha kwa mkono, ua baada ya ua, na maua ya mbuni hudumu siku chache tu. Miche ikawa haba kwa miaka mingi. Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010, iliondoa kikwazo hicho kwa kuwa huzalishwa kwa mbegu za kawaida.

Kilichowarudisha wengi shambani, hata hivyo, ni kupandikiza. Mbuni mzee hukatwa, shina likachipua, na chipukizi likaunganishwa na kikonyo cha Ruiru 11 au Batian. Mizizi ya zamani hubaki, dawa hupungua, na mkulima hahitaji kuanza upya na mche mchanga.

Mwamko huo haukuenea kila mahali. Ruiru na kandokando ya Barabara ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ardhi ililipa zaidi kama viwanja, na mji wa Tatu City unajengwa juu ya yaliyokuwa mashamba ya kahawa. Kupandikiza kuna nafasi zaidi kwenye miteremko ya Gatundu na Gatanga, ambako mashamba ni madogo na familia bado zinaishi juu ya ardhi ileile zinayoilima.